Rekodi za Elimu ya Akili na Afya, Zikisomwa kutoka Gisenyi

Watu wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, wamezoea kuhesabiwa. Huhesabiwa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, makumi ya maelfu, wakivuka kwenda Goma na kurudi na beseni za sambaza na mafungu ya mboga. Ebola ilipokuwa Kivu walipimwa joto mmoja mmoja kabla ya kupita. Watafiti nao wamewajia na madodoso: unalala vipi, umempoteza nani, ni ndoto gani inayokurudia. Majibu hayo husafiri mbali. Hufika Kigali, Geneva, London na Chicago, yakawa majedwali katika majarida ambayo wengi wa waliojibu hawatayaona maishani.

Zifuatazo ni rekodi za vyama na majarida ya saikolojia, sayansi ya ubongo na utafiti wa afya: ya kale kuliko zote, kubwa kuliko zote, nzito kuliko zote. Kila moja nimeiuliza swali lilelile: imewafaa nini watu wa mwambao huu wa Ziwa Kivu na majirani zao?

Jarida kongwe la tiba

New England Journal of Medicine la Boston lilitoka mara ya kwanza mwaka 1812. Kati ya majarida ya tiba ya jumla, ndilo lililochapishwa mfululizo kwa muda mrefu kuliko yote. Lancet la London lilifuata mwaka 1823, likiasisiwa na daktari mpasuaji Thomas Wakley, mtu aliyepigana na upendeleo na uzembe katika hospitali za mji wake. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya Medical Journal lilianza miaka ya 1920, na tangu 1932 linaitwa East African Medical Journal.

Uzee wa jarida la Boston ulitufaa mwaka 2019. Lilichapisha matokeo ya jaribio la dawa nne za Ebola lililofanyika mashariki mwa Kongo, katikati ya mlipuko wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo: watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Wagonjwa 681 walikubali kushiriki. Kwa dawa mbili kati ya nne, vifo vilikuwa karibu theluthi moja ya wagonjwa. Kwa zile nyingine mbili, vilikuwa karibu nusu. Mwandishi wa kwanza wa makala hayo alikuwa Mkongo, Sabue Mulangu. Miongoni mwa viongozi wa jaribio alikuwa Jean-Jacques Muyembe, aliyeanza kuufuatilia ugonjwa huu tangu ulipojitokeza Yambuku mwaka 1976. Moja ya dawa mbili zilizoshinda ilitokana na chembe za damu za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Kwa hiyo jarida kongwe la Marekani lilibeba elimu iliyotoka katika damu ya Wakongo, ikajaribiwa na Wakongo, ikaandikwa na Wakongo, pamoja na wenzao wa nje. Mgonjwa wa kwanza wa Goma alipogunduliwa Julai 2019, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Gisenyi, jaribio hilo lilikuwa likikaribia kutoa jibu. Agosti mwaka huohuo matokeo yakatangazwa, na dawa mbili dhaifu zikawekwa kando.

Umati mkubwa zaidi

American Psychological Association, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kiliundwa mwaka 1892 chini ya G. Stanley Hall, kikiwa na wanachama wachache wa kutosha chumba kimoja. Leo kina zaidi ya 150,000. Society for Neuroscience, chama cha wachunguzi wa ubongo na neva, kilianzishwa mwaka 1969. Mkutano wake wa kwanza, Washington 1971, ulihudhuriwa na watu 1,396. Miaka ya baadaye ilifika zaidi ya 30,000 katika mkutano mmoja.

Chama cha bara letu, Society of Neuroscientists of Africa, kilizaliwa Nairobi mwaka 1993. Hakiwezi kujaza kumbi za Washington, lakini kimewafanyia vijana wa Afrika jambo ambalo umati ule hauwezi: kimewapa mahali pa kusimama na kuwasilisha kazi zao bila kwanza kupata viza na nauli ya kuvuka bahari.

Safari ndefu kuliko zote kufika Afrika

Kongamano la kwanza la kimataifa la saikolojia lilifanyika Paris mwaka 1889. Likazunguka Ulaya, Amerika na Asia. Lilikanyaga ardhi ya Afrika mwaka 2012, Cape Town, baada ya miaka 123. Mwaka huohuo Saths Cooper, Mwafrika Kusini aliyewahi kufungwa Robben Island kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akawa rais wa umoja wa kimataifa wa vyama vya saikolojia.

Waafrika hawakuwa wamekaa wakisubiri. Mwaka 1961 Thomas Adeoye Lambo aliwakusanya madaktari wa magonjwa ya akili Abeokuta, Nigeria, katika mkutano wa kwanza wa bara zima. Tayari huko Aro alikuwa ameanza kuwatibu wagonjwa wakiwa wanaishi vijijini pamoja na ndugu zao badala ya kufungiwa wodini. Baadaye akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Kosa zito kuliko yote

Kazi ya Lambo ilikuwa na maana ya pekee kwa sababu ya kilichochapishwa kabla yake. J. C. Carothers alikuwa daktari Mwingereza aliyeongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 aliandika katika Journal of Mental Science makala kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika. Alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyepasuliwa ubongo na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikapata kutoka kwake maelezo ya Mau Mau yaliyolifanya dai la ardhi na uhuru lionekane kama ugonjwa.

Hakuna ubongo uliopasuliwa kuthibitisha dai lake. Alichukua wagonjwa wa hospitali moja na dhana za wakoloni, akazifanya sheria ya bara zima. Jarida liliyapokea, wahariri wakayapitisha, na kwa sababu yalikuwa yamechapishwa, yakanukuliwa kana kwamba ni ukweli. Jarida lenyewe bado lipo. Siku hizi linaitwa British Journal of Psychiatry.

Nalitaja hili kwa uzito kwa kuwa linahusu kila rekodi iliyobaki katika orodha hii. Makala ya kitaalamu yana nguvu kuliko uvumi wa sokoni. Yakisema kweli huokoa watu. Yakisema uongo huwafunga watu kwa miaka mingi, na wanaosemwa hawapewi ukurasa wa kujibu.

Kiwango kikubwa cha vifo

Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache. Miongoni mwao walikuwamo walioyapanga na kuyatekeleza mauaji hayo. Walikuwamo pia wanawake, wazee na watoto waliosombwa na mkondo wa watu. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkeno, magumu kuchimba choo, magumu hata kuchimba kaburi. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa. Kipindupindu kikaingia, na kuhara damu kukafuata.

Kundi la wataalamu wa magonjwa ya mlipuko lililokuwa pale liliandika hesabu yake katika Lancet mwaka 1995, likitia sahihi kwa jina la pamoja: Goma Epidemiology Group. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Kila siku, kati ya wakimbizi 10,000, walikufa 20 hadi 35. Kwa wanaohudumia wakimbizi, kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku hutosha kutangaza hali ya dharura. Goma ilikuwa mara ishirini ya hapo au zaidi. Ni kati ya viwango vikubwa kabisa vilivyowahi kupimwa miongoni mwa wakimbizi popote duniani.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa kama takwimu zenyewe. Katika jarida hilohilo, mwaka huohuo, timu ya watu wanane kutoka kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara cha Bangladesh, nchi iliyokijua kipindupindu vizuri kuliko wengi wa waliokuja kusaidia, ilieleza bila kumumunya maneno kwa nini vituo vya tiba vilishindwa. Wagonjwa walirudishiwa maji mwilini polepole mno. Maji ya chumvi na sukari ya kunywa yalitumiwa kidogo. Dripu zilizotundikwa mara nyingine hazikuwa za aina inayofaa. Wahudumu hawakuwa na uzoefu wa kutosha wa kutibu wagonjwa mahututi wa kipindupindu. Fedha zilikuwapo, ndege zilikuwapo. Kilichopungua ni ujuzi ambao watu wa Dhaka walikuwa nao tayari.

Kutokana na aibu ya Goma, mashirika ya misaada yalianza mwaka 1997 kuandika viwango vya chini vya huduma vinavyoitwa Sphere: maji kiasi gani kwa mtu, choo kimoja kwa watu wangapi. Leo kambi yoyote inapofunguliwa, viwango hivyo hutangulia mahema. Watu waliokufa Goma wamo katika kila mstari wake, ingawa hawatajwi.

Majibu ya Mutura

Februari 2002 watafiti waliingia katika komini nne za Rwanda: Ngoma, Mabanza, Buyoga na Mutura. Mutura ilikuwa katika mkoa wa Gisenyi wa wakati ule. Wakazi wake walikuwa wamepitia mwaka 1994, kisha vita vya waasi waliorudi kutoka Kongo. Mwaka 1997 kambi ya Mudende, iliyokuwa na wakimbizi Watutsi wa Kongo, ilishambuliwa mara mbili.

Watu wazima 2,091 walihojiwa. Matokeo yalitoka Agosti 2004 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lililoanza mwaka 1883. Karibu robo tatu walikuwa wamekimbia nyumba zao. Asilimia 73 walikuwa na mtu wa karibu wa familia aliyeuawa. Asilimia 24.8 walikuwa na dalili kamili za kiwewe kisichoisha: kumbukumbu zinazovamia, usingizi unaokatika, mwili ulio macho muda wote.

Lakini utafiti huo haukuishia kwenye dalili. Uliwauliza watu wanaiona vipi haki. Asilimia 90.8 waliunga mkono gacaca, mahakama za wananchi zilizokuwa zikianza wakati huo. Mahakama za kitaifa ziliungwa mkono na asilimia 67.8, na ile ya kimataifa ya Arusha na asilimia 42.1. Wenye kiwewe walikuwa wagumu zaidi kuziamini mahakama za kitaifa na kuamini kwamba jamii inaweza kuishi kwa kutegemeana tena. Kwa maneno mengine, usingizi wa mtu mmoja una uhusiano na amani ya kilima kizima. Nchi inayotaka upatanisho haiwezi kuyaacha matibabu ya akili yangoje mwisho wa foleni.

Waganga wasiotarajiwa

Kusini-magharibi mwa Uganda kuna Nakivale, moja ya makazi ya wakimbizi ya muda mrefu zaidi Afrika, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la saikolojia ya tiba la kile chama kikubwa cha Marekani. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa tiba ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio kuanzia utotoni, wengine ushauri wa kiwewe, wengine wakafuatiliwa tu.

Jambo lililoufanya utafiti huu kuwa wa pekee ni waliotoa tiba. Hawakuwa madaktari wala wenye shahada. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Miezi kadhaa baadaye, takriban watu 7 kati ya 10 waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu, walikuwa chini ya 4 kati ya 10. Waliopata ushauri walikaribia sana wale wa kwanza.

Kati ya rekodi zote za orodha hii, hii ndiyo ninayoipa heshima kubwa zaidi. Ilionyesha kwamba jirani anayefundishwa vizuri na kusimamiwa vizuri anaweza kumtibu jirani. Kwa nchi zisizo na wataalamu wa kutosha, hilo lina thamani kuliko hospitali kumi zilizochorwa kwenye karatasi.

Chama chenye mzigo mzito

Rwanda ililijua jambo hilo kwa uzoefu kabla ya majarida kulithibitisha. Mwaka 1998 kiliundwa ARCT-Ruhuka, chama cha washauri wa kiwewe cha Rwanda, wakati madaktari wa magonjwa ya akili nchini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukigawa idadi ya waliohitaji msaada kwa idadi ya washauri, sidhani kuna chama cha kitaaluma kilichowahi kuanza na deni kubwa kama hilo. Kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, washauri husimama pembeni ya uwanja wakiwa tayari kumshika anayeanguka. Kazi hiyo haina takwimu nzuri ya kuwekwa katika jedwali, lakini bila hiyo kumbukumbu zenyewe zingekuwa hatari.

Alama ndogo kuliko zote

Mwaka 2014 World Journal of Biological Psychiatry lilichapisha utafiti wa watafiti wa Rwanda na Ulaya, akiwamo mwanasaikolojia Eugène Rutembesa. Walichunguza wanawake 25 waliokuwa wajawazito na kukumbwa na mauaji ya kimbari, pamoja na watoto waliowazaa, wakawalinganisha na wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati uleule lakini mbali na mauaji hayo, pamoja na watoto wao. Kwa akina mama waliokumbwa na watoto wao, homoni ya kotisoli ilikuwa chini, na jeni inayosimamia namna mwili unavyoupokea msongo ilikuwa na alama zaidi za kikemikali.

Idadi hiyo ni ndogo, na haisemi kwamba mtoto amehukumiwa kabla ya kuzaliwa. Inasema kwamba anapotibiwa mama, mtoto naye aangaliwe. Hilo linamhusu muuguzi wa kliniki ya wajawazito kuliko mtu yeyote wa maabara.

Ulinzi mpana kabla ya hatari

Desemba 2019 kampeni ya chanjo ya Ebola iitwayo Umurinzi ilizinduliwa Rubavu, wilaya ya mji wa Gisenyi. Rwanda haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Chanjo ilitolewa kwa dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya takriban siku 56, ikiwalenga hasa wanaovuka mpaka kwa shughuli zao. Zaidi ya watu 200,000 walichanjwa, na kila mmoja wao aliongeza ushahidi kuhusu usalama wa chanjo hiyo. Hapa wachuuzi wa mpakani waliacha kuwa kundi la kuogopwa. Wakawa ukuta wa nchi.

Uchunguzi mpana, na pengo pana

Uchunguzi mkubwa zaidi wa afya ya akili Rwanda ulifanyika mwaka 2018 na taasisi ya taifa ya afya, RBC: zaidi ya watu 20,000, nchi nzima, matokeo yakichapishwa baadaye katika BMC Psychiatry, jarida linalosomwa bure. Sonona kali ilikuwa kwa asilimia 12 ya watu kwa jumla, na asilimia 35 ya manusura wa mauaji ya kimbari. Kiwewe kilikuwa asilimia 3.6 kwa jumla, na 27.9 kwa manusura. Karibu robo karne ilikuwa imepita.

Namba iliyonishika zaidi ni nyingine. Asilimia 61.7 ya watu walijua wapi pa kupata msaada wa afya ya akili. Waliowahi kuutumia walikuwa asilimia 5.3. Kati ya kujua mlango na kuufungua kuna aibu, nauli, kazi za shamba, na hofu ya kuitwa kichaa. Pengo hilo halizibwi na makala nyingine ya kulipima tena.

Rekodi ambayo bado haijawekwa

Tangu 1998, African Journals Online imeweka mamia ya majarida ya Afrika mahali pamoja. Tangu 2002, mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umefungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi maskini. Rwanda Medical Journal huchapisha kazi za madaktari wa nyumbani. Mwaka 2021 jarida la Nature lilitoa njia ya kupima Kovidi kwa kuchanganya sampuli nyingi pamoja, na mwandishi wa kwanza alikuwa Leon Mutesa wa Rwanda. Wataalamu wetu hawako nje ya mlango tena.

Bado walioulizwa ndio walio nje. Muuza sambaza wa Petite Barrière hana akaunti ya HINARI, na makala yaliyotokana na majibu yake hayakuandikwa kwa Kinyarwanda wala Kiswahili. Kila utafiti huanza kwa kibali cha kamati ya maadili na fomu ya ridhaa. Vyama na majarida yaongeze sharti moja: kabla makala hayajachapishwa, mtafiti aonyeshe jinsi atakavyoyarudisha matokeo kwa waliohojiwa, kwa lugha yao, katika ofisi ya kata, kanisani au msikitini, na nani wa kituo cha afya atakayeyatumia. Wahariri hudai ushahidi wa kila takwimu. Wanaweza kudai na huu.

Carothers aliweza kuandika alichoandika kwa sababu waliosemwa hawakuwa na njia ya kukisoma na kukikana. Chama au jarida litakalofanya kurudisha matokeo kuwa sharti litaweka rekodi kubwa kuliko umri wa lile la Boston na umati wa Washington. Nami naona haki ianzie hapa Rubavu, ambako watu wameshatoa majibu yao kwa miaka mingi na sasa wanastahili kujibiwa.